Kudaiwa mkwaruzo si kuhukumiwa

Mhariri,

Msafiri amesharudi Nairobi au Dar es Salaam, wiki tatu zimepita, ndipo kampuni iliyomkodisha gari Ulaya inapomwandikia: bampa la nyuma limekutwa na mkwaruzo, fedha zimekatwa kwenye kadi yako. Wengi hunyamaza wakidhani hawana pa kushika. Barua ile ni dai tu, na mwenye kudai ndiye wa kuthibitisha.

Jibu kwa maandishi siku hiyohiyo. Simu haiachi ushahidi. Eleza kuwa unalipinga dai na huridhii makato mengine. Kisha dai fomu ya ukaguzi ya kuchukua gari na ya kurudisha, ankara ya gereji badala ya makadirio, na picha inayoonyesha mkwaruzo pamoja na namba ya gari. Picha ya mkwaruzo peke yake yaweza kuwa ya gari lolote. Ulizia pia kilomita zilizosomeka siku ya kupiga picha. Zikizidi zile ulizorudisha nazo, gari liliendeshwa na mtu mwingine kabla halijakaguliwa.

Soma hesabu mstari kwa mstari. Mara nyingi tengenezo lenyewe ni dogo, kilichonenepesha bili ni ada ya kushughulikia faili na fidia ya gari kukaa bila kukodishwa. Kwa fidia hiyo omba tarehe za kuingia na kutoka gereji, na uthibitisho kuwa kweli walikosa gari la kumpa mteja.

Usitegemee neno “nililipia bima” kabla hujasoma mkataba. Msamaha wa ajali, ile “bima” unayouziwa na kampuni ya gari, kwa kawaida hupunguza tu kiasi utakachobeba, na mara nyingi huacha nje matairi, ringi, vioo, paa na sehemu ya chini ya gari.

Mwaka 2015 Avis, Enterprise, Europcar, Hertz na Sixt ziliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kumpa mteja nafasi ya kupinga dai la uharibifu kabla ya kumkata. Kama umekodi kwao huko Ulaya, itaje ahadi hiyo katika jibu lako.

Fedha zikiwa zimeshakatwa, nenda benki iliyokupa kadi ukapinge muamala. Kwa Visa na Mastercard muda huwa takribani siku 120, nao hausimami kungoja mmalize kuandikiana. Benki nyingine hutaka mapema zaidi. Ila benki kurudisha fedha hakufuti deni. Kampuni yaweza kukufuata kupitia wakusanya madeni, au ikakataa kukukodisha tena.

Kinachoangusha kesi nyingi ni kurudisha gari usiku na kutumbukiza funguo kwenye kisanduku. Mikataba mingi hukubebesha dhamana hadi ofisi ifunguliwe asubuhi. Piga video papo hapo: pembe nne, ringi zote, chini ya bampa, paa, kioo cha mbele, dashibodi yenye mafuta na kilomita. Fanya vivyo hivyo unapolichukua, na usikubali kulikagua likiwa limelowa, maana maji huficha mikwaruzo. Hifadhi faili asilia: picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupoteza kumbukumbu ya saa na mahali ilipopigwa.

Msomaji wako,
Mombasa