Barua kwa Mwanangu: Skenes Asiuzwe

Pittsburgh, Novemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, baba yako anakusalimu, na baridi ndiyo kwanza inaanza kubisha hodi. Barua yako niliipokea na kuisoma kwa makini, hasa ule ukurasa wa mwisho unaosema kwamba Pirates, klabu yetu ya besiboli, wamuuze mrushaji wao Paul Skenes majira haya ya baridi, bei yake ikiwa ingali juu, wachukue chipukizi watano au sita kutoka klabu yenye fedha, waanze upya kama wafanyavyo watu wa Milwaukee. Naona tangu uhamie Wisconsin umezoea kuwaita Brewers, klabu ya huko Milwaukee, "sisi", jambo ambalo nimelisikia kwenye simu mara kadhaa nikanyamaza. La Skenes siwezi kulinyamazia.

Nianze kwa kukubali unachostahili kukubaliwa. Besiboli ya Marekani haina kikomo cha mishahara kama ilivyo katika mpira wa kikapu, na kwa sababu hiyo klabu ya mji wa kiasi chetu haiwezi kushindana kwa fedha na Dodgers wa Los Angeles wala Yankees wa New York. Mchezaji anakuwa chini ya klabu yake kwa takriban misimu sita kabla ya kuwa huru kwenda anakotaka, na ile miaka ya mwanzo analipwa kidogo mno ukilinganisha na anachozalisha. Skenes mwenyewe msimu huu amelipwa chini ya dola milioni moja. Kwa hiyo kila klabu maskini hufika mahali ikajiuliza kama imwachie nyota wake aondoke bure au imtoe mapema ipate kitu. Mjomba wako wa Tanga bado haelewi utaratibu huu. Yeye anajua kwamba Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk mwaka 2016, aliyeondoka ni mchezaji na zilizoingia ni fedha. Nikimweleza kwamba huku mtu hubadilishwa na watu, tena wengine ni vijana wa miaka kumi na minane ambao hawajawahi kukanyaga uwanja mkubwa, hudhani namtania.

Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kuuza. Ninachowalaumu Pirates ni kwamba wanachokipata kwa kuuza nacho hukiuza, na watakachokipata hapo watakiuza pia, na katika mzunguko huo wote timu haikamiliki hata siku moja. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami daftari la Pirates ninalo kichwani.

Chukua habari ya mrushaji Gerrit Cole. Alikuwa chaguo la kwanza la nchi nzima klabu zilipogawana vijana wapya mwaka 2011, na alikuwamo katika timu iliyotutoa katika misimu ishirini mfululizo ya kushindwa, kuanzia 1993 hadi 2012. Mwaka 2015 timu ile ilishinda michezo 98, kisha Jake Arrieta, mrushaji wa Cubs wa Chicago, akatunyima hata mkimbio mmoja, yaani pointi, katika mchezo wa mtoano, na tangu usiku ule hatujaiona tena hatua ya mtoano. Januari 2018, Cole akiwa na misimu miwili imebaki katika mkataba, walimpeleka Houston. Wakapokea watu wanne: Joe Musgrove, Colin Moran, Michael Feliz na Jason Martin. Hakuna kati yao aliyekuwa chipukizi wa daraja la juu kabisa. Walichukuliwa kwa sababu walikuwa tayari kucheza, ili timu ionekane kwamba haijakata tamaa. Huko Houston, Cole alifundishwa kuacha mpira uliokuwa ukimponza na kutumia zaidi ule wa kasi wa juu, na mwaka 2019 akashinda michezo 20, akapoteza 5, akawatoa wapigaji 326 kwa kuwakosesha mpira, kisha Yankees wakamsaini kwa dola milioni 324.

Haya, tulibaki na Musgrove, mrushaji mzuri na mtu mwenye adabu zake. Januari 2021 naye akauzwa, akaenda San Diego, na Aprili 9 mwaka huohuo akarusha mchezo mzima bila kuruhusu pigo hata moja, jambo ambalo hakuna mrushaji wa Padres, klabu hiyo ya San Diego, aliyewahi kulifanya tangu klabu ile ianze mwaka 1969. Katika mapatano yale tulimpata David Bednar. Huyu unamjua vizuri, kijana aliyekulia Mars, mji mdogo kaskazini mwa hapa, ambaye alikuwa akiingia uwanjani kuufunga mchezo, yaani kuulinda ushindi mwishoni, watu wote wakasimama. Mwaka 2023 alifunga michezo 39, na hakuna aliyemzidi katika ligi ya National. Julai 31 mwaka huu akauzwa kwa Yankees, tukapewa vijana watatu, wawili wao wadakaji, ambao sitawasema vibaya kwa kuwa hawajanikosea chochote. Lakini tazama safari yenyewe. Kutoka kwa Cole tulifika kwa Musgrove, kutoka kwa Musgrove tukafika kwa Bednar, na kutoka kwa Bednar tumefika kwa vijana ambao tunaambiwa tuwasubiri. Ni miaka karibu minane, na bado tunaambiwa tusubiri.

Utaniambia kwamba mapatano mengine yalifaulu, nami sitabisha. Siku mbili baada ya Cole walimtoa Andrew McCutchen, kipenzi cha mji huu na mchezaji bora wa ligi wa mwaka 2013, akaenda San Francisco. Nilikasirika wiki nzima. Hata hivyo, katika mapatano yale alikuja Bryan Reynolds, ambaye siku hizo hakuna aliyelijua jina lake, na leo ndiye mpigaji wetu wa kutegemewa. Angalia sasa tofauti iko wapi. Mwaka 2023 klabu ilifungua mkoba ikampa Reynolds mkataba wa dola milioni 106.75, wa kwanza kuvuka milioni mia katika historia yake, na kwa sababu hiyo tu faida ya kumtoa McCutchen ingalipo uwanjani mpaka leo. Wangemuuza Reynolds mwaka 2022, kama magazeti yalivyokuwa yakitabiri, mapatano yale nayo yangeingia katika ule mzunguko.

La mrushaji Chris Archer naligusa kwa sababu wewe uliligusa, ingawa linaniuma. Julai 2018 timu ilishinda michezo 11 mfululizo, uongozi ukapandwa na ujasiri ambao haukuwa nao miezi sita kabla yake, na siku ya mwisho ya mabadilishano wakamchukua Archer kutoka Tampa Bay. Walitoa Tyler Glasnow na Austin Meadows, kisha wakaongeza Shane Baz, ambaye mwaka mmoja tu kabla yake walikuwa wamemchagua katika raundi ya kwanza. Archer mwaka 2019 alishinda michezo mitatu na kupoteza tisa, mwaka 2020 hakurusha kabisa kwa sababu ya upasuaji, kisha wakaachana naye. Meadows mwaka huohuo wa 2019 alipiga mipira 33 ya kuvuka uzio. Glasnow, ambaye hapa walikuwa wamemweka benchi la warushaji wa akiba, Tampa walimrudisha kuanza michezo, na msimu huu ametwaa ubingwa akiwa na Dodgers. Ila kabla hajafika Dodgers, Tampa nao walimbadilisha wakampata Ryan Pepiot, ambaye leo anaanza michezo yao. Tampa si matajiri, mwanangu. Mapato yao hayana cha kutuzidi sana, na mashabiki wanaokwenda uwanjani kwao ni wachache. Kwa hiyo kila nikisikia kwamba tatizo letu ni ukubwa wa soko, humkumbuka Glasnow, ambaye mkono wake ulikuwa uleule alipokuwa kwetu na alipokuwa kwao.

Sasa nifike kwa hao Milwaukee wako. Unasema walimtoa mrushaji Josh Hader, wakamtoa Corbin Burnes, wakamtoa Devin Williams, nao warushaji, na bado mwaka huu wameshinda michezo 97, mingi kuliko timu yoyote. Ni kweli kabisa, nami nawavulia kofia. Lakini chunguza namna walivyouza. Burnes alipokwenda Baltimore mwanzoni mwa 2024, alikuwa na msimu mmoja tu umebaki kabla ya kuwa huru. Williams alipokwenda Yankees mwaka jana, hali ilikuwa hiyohiyo. Walikuwa wameshawatumia wachezaji hao wakashinda nao, kisha wakauza kile kipande cha mwisho. Hader alipoondoka mwaka 2022 walipata, miongoni mwa wengine, Esteury Ruiz, na miezi michache baadaye wakamtoa Ruiz katika mapatano yaliyowaletea William Contreras kutoka Atlanta, mdakaji ambaye hata Dodgers wangependa kuwa naye. Mzunguko wao unakwenda mbele kwa sababu wanajua kumtambua mchezaji wa mwenzao, na akishafika kwao anakuwa bora zaidi.

Skenes ana misimu minne imebaki, hadi 2029. Ukimuuza leo humwuzi kama Milwaukee walivyomwuza Burnes. Unauza uti wa mgongo wa timu ambayo bado haijashinda chochote. Tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa ligi, aliyopewa mwezi huu, bila kura hata moja kwenda kwa mwingine, ni ya tatu tu katika historia ya klabu, baada ya Vernon Law mwaka 1960 na Doug Drabek mwaka 1990. Ameruhusu wastani wa mikimbio 1.97 kwa kila awamu tisa, na rekodi yake ni ushindi 10 na kushindwa 10. Nilikuwa uwanjani siku mojawapo ya zile alizopoteza. Alikuwa akitoka kwenye kichuguu cha warushaji, mabega yameinuka, hajafanya kosa lolote la kusimulia, na kwenye ubao upande wetu umejaa sifuri. Mzee aliyekaa mbele yangu alivua kofia yake ya manjano akaitazama kama mtu anayekagua noti bandia. Katika timu 30 za ligi, ya kwetu ndiyo iliyopata mikimbio michache zaidi msimu huu na ndiyo iliyovusha mipira michache zaidi nje ya uzio. Ugonjwa uko kwa wapigaji, nawe unapendekeza tukate mkono unaorusha.

Hata la Ke'Bryan Hayes sikulipenda, ingawa hapo nakuelewa zaidi. Alikuwa mlinzi bora wa kituo cha tatu niliyewahi kumwona kwa macho yangu, lakini upigaji wake ulikuwa umepoa, na mkataba wake wa dola milioni 70 ulikuwa mrefu. Walimpeleka Cincinnati, wapinzani wetu wa kundi moja, wakapata mrushaji mkongwe waliyemtoa tena siku ya pili, pamoja na kijana wa ligi ndogo, Sammy Stafura. Uzito wa mapatano hayo ulikuwa katika fedha zilizookolewa. Ndiyo maana sina hukumu bado. Nasubiri kuona kama fedha hizo zitanunua mpigaji au zitabaki kwa Bwana Nutting, mwenye timu. Kelele za mashabiki za kumtaka auze timu, ambazo mwezi wa nne zilipandishwa hadi angani kwa ndege iliyovuta bango, hazikuanza kwa sababu ya mchezaji mmoja.

Uliniuliza pia, nadhani kwa utani, kwa nini mimi bado nipo na timu hii. Unalijua jibu. Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisimama na jezi ya Pirates akawa Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani kwetu na kucheza katika ligi kuu, na mara yake ya kwanza kupiga aliupiga vyema mpira wa Jon Lester, mrushaji wa Cubs. Baba yako alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Miezi saba baadaye wakampeleka Toronto, tena kwa mchezaji ambaye hata jina lake halikutajwa. Ukiniambia nisiwe na kinyongo na mapatano ya klabu hii, nitakujibu kwamba kinyongo changu kina miaka yake. Lakini mwaka 2023 walewale walikwenda Uganda wakamsajili David Matoma, kijana wa mpira wa kasi, na mimi nikarudi kusoma matokeo ya ligi ndogo kila asubuhi kabla ya chai.

Kama ningekuwa na kiti cha Bwana Cherington, meneja mkuu wa klabu, ningefanya mabadilishano mwezi ujao bila kusita. Warushaji vijana tunao kuliko tunaoweza kuwatumia, na klabu nyingi zinawalilia. Ningewaweka Skenes na Bubba Chandler pembeni, nisimguse chipukizi wetu Konnor Griffin kwa bei yoyote, kisha ningechukua mrushaji mmoja au wawili kati ya waliobaki nikawabadilisha na mpigaji aliyekomaa, mtu wa kucheza Aprili ijayo, hata kama mshahara wake unauma. Nisingepokea mvulana wa miaka kumi na minane kutoka kwa mtu yeyote. Vijana wa kusubiriwa tunao wa kutosha.

Nijibu hoja hiyo, na unitajie huyo mpigaji unayeona Milwaukee wanaweza kumwachia. Usiniambie Contreras, hilo najua hawalitaki. Mkeo mwambie lile koti nimeshalituma kwa posta, na ratiba ya mwakani ikishatulia nitatafuta tiketi za siku Brewers watakapokuja hapa. Utakaa upande wangu, na kofia yako hiyo ya bluu utaiacha kwenye gari.

Mama yako akupendaye