Akiba Inayooza

Swahiba,

Mimi mzima. Ule mstari wetu wa "hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu" nimeuruka makusudi. Tumeuandika mara ngapi tangu tukiwa vijana? Ulikuwa unakula robo ukurasa kabla mtu hajasema lolote la maana. Basi jua tu kwamba hofu ipo na mashaka yapo, ila wino nimeubania.

Barua yako imenikuta nimekaa sakafuni chini ya sinki, kiganjani nina kimpira kilicholika, ukubwa wake kama kifungo cha shati. Nitafika kwenye habari ya kimpira hicho, usiniharakishe. Umeniuliza mawili: nautoa wapi moyo wa kuandika kila wiki wakati hakuna anayenilipa, na nafanyaje hadi pesa zinafika mwisho wa mwezi. Umeyauliza kama mambo yasiyojuana. Kwangu yanalala chumba kimoja, na usiku mwingine yanagombana.

Nianze na pesa, ndilo jepesi. Unanijua, mimi kwa vitu vidogo nina mkono wa birika. Dawa ya meno ikigoma kutoka, tyubu naikata katikati kwa mkasi. Humo ndani ya kile mnachokitupa ninyi mna siku tano au sita za kupiga mswaki. Kipande cha sabuni kikibaki chembamba kama jani, nakigandamiza juu ya mche mpya vyote vikiwa vimelowa, kufikia kesho yake vimekuwa kitu kimoja. Kola ya shati ikichakaa naifumua, naigeuza, upande uliokuwa umejificha nao ukaone jua. Bahasha nazipasua kingo nikaandika upande wa ndani. Watu wa nyumbani wamezoea. Wageni ndio wanaonitazama kwa huruma.

Ungedhani mtu wa namna hiyo hapotezi kitu. Sasa sikiliza.

Bomba la jikoni lilianza kudondosha tone miezi miwili iliyopita. Nalisikia kila usiku: to, kimya, to, kimya. Nageuka upande wa pili nalala. Usiku mmoja usingizi ukakataa kabisa, nikaamka nikaweka ndoo ya lita 10 chini yake, nikasimama gizani nikihesabu kama mwendawazimu. Tone moja kwa sekunde, au karibu na hapo. Alfajiri ndoo ilikuwa imepita nusu. Nikachukua kalamu: lita kama 20 kwa siku, 600 kwa mwezi, kwa miezi miwili 1,200. Mimi huyu ninayekata tyubu kwa mkasi! Tangu shule tunakariri haba na haba hujaza kibaba, na ile ya bandu bandu huisha gogo tunaipita haraka haraka. Ndoo yangu ilizisema zote mbili kwa mpigo, ikijaa yenyewe huku ikinimaliza mimi.

Kubadilisha kimpira kulichukua robo saa, na humo weka na muda wa kuitafuta spana, ambayo ilikuwa mahali pake.

Kilichonikaa kooni si maji. Ni kwamba kwa miezi miwili yote hiyo sikukosa pesa ya kimpira wala nafasi ya kukiweka. Nilikuwa nasubiri nijisikie. Na nikuulize wewe, nani duniani huamka asubuhi ana hamu ya kubadilisha kimpira cha bomba? Hamu hiyo haipo. Haikuwahi kuumbwa. Ningeingoja hadi jiko liwe bwawa.

Ndiyo maana swali lako la moyo linanipa taabu kidogo. Unaandika kana kwamba mimi nina mahali ninapoenda kuuchota, nikuonyeshe njia. Sina. Kaa nami jioni moja uone. Naketi. Naandika tarehe. Naandika kwamba kiti kinaniumiza mgongo. Naendelea kidogo na habari za kiti. Nasimama kuangalia kama nimefunga mlango, na mlango nimeufunga. Narudi. Mstari wa nne au wa tano, ninapomlaumu fundi aliyetengeneza kiti, ghafla nakumbuka mikono ya babu yangu ikipitisha kiganja juu ya ubao kutafuta palipo na mikwaruzo, na hapo ndipo wiki hiyo ninapata la kusema. Habari za kiti nazifuta. Moyo ulikuja, lakini ulinikuta nimeshaketi, haukunitoa kitandani.

Kuna Mwingereza mmoja wa karne ya 19, Anthony Trollope, aliyekuwa mtumishi wa posta. Huyu aliandika riwaya 47 huku akiajiriwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alikuwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa imewekwa mbele yake, na alijidai maneno 250 kila robo saa. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba alikuwa na mtumishi mzee aliyemlipa pauni 5 za ziada kwa mwaka kwa kazi moja tu, kumwamsha. Yaani hamu yenyewe aliinunua, tena kwa mkataba! Aliyaeleza haya yote bila aibu katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na wako waliokasirika. Walitaka kusikia habari za malaika anayeshuka dirishani, wao wakapewa saa ya mfukoni. Mimi namuelewa, ingawa maneno 250 kwa robo saa siyawezi. Kwa robo saa mimi namaliza habari za kiti.

Kuhusu wasomaji, usiwategemee wakupe moyo. Wiki moja wanasoma watu 200, sijui wametoka wapi. Wiki inayofuata 11, na mmoja wao ni mimi nikitafuta makosa ya herufi. Kuna kipindi nilikuwa nahesabu kila baada ya nusu saa, nikawa na furaha ya mtu anayepima joto la mgonjwa. Nimeacha. Nahesabu siku moja kwa mwezi, pamoja na bili.

Sasa nifike pale panaponiuma, na ndiyo sababu hasa ya barua hii kuwa ndefu.

Wahenga wamesema akiba haiozi. Mimi nimeishi ndani ya methali hiyo. Na kwa pesa sina ugomvi nayo, kwa sabuni, kwa vifungo ninavyokata kwenye nguo zilizokufa nikavitia kwenye kopo. Ubaya ni kwamba niliichukua methali nzima nikaipeleka na kwenye uandishi. Kila nilipopata jambo zuri, zuri kweli, nilijiambia: hili usilimalize kwenye kimakala cha wiki, weka. Litakuja kufaa kwenye kitu kikubwa. Vijambo vya kawaida nikavitoa kwa wasomaji, vizuri nikavifungia. Nina sanduku la viatu limejaa vikaratasi, vyote upande wa ndani wa bahasha.

Mwezi uliopita nimelifungua. Kikaratasi cha kwanza nilichoshika kimeandikwa kwa mwandiko wangu: "Mama ndani ya basi. Barua. Kiatu. KUBWA!" Kubwa kwa herufi kubwa, na mstari mara mbili chini yake.

Nakumbuka nusu. Alikuwa mama wa makamo, ameketi kiti cha mbele yangu upande wa dirisha. Alifungua barua akaisoma, akaikunja. Akaifungua tena. Mara ya tatu aliikunja ndogo sana, ukubwa wa stempu, akainama akavua kiatu, akaiweka humo ndani, akavaa. Akakanyaga mara mbili, kama mtu anayejaribu viatu dukani. Hapo ndipo kumbukumbu inapokatika. Alikuwa anacheka au analia? Kiatu cha kushoto au cha kulia? Aliniambia neno aliposhuka, hilo nina hakika, maana nakumbuka niligeuza shingo, na neno hilo ndilo lililofanya jambo lote liwe KUBWA. Neno limepotea. Nimekaa na kile kikaratasi saa nzima nikikikodolea macho. Miaka minne nimemtunza yule mama kwenye sanduku, na aliyebaki ni kiatu.

Ningemwandika siku ile ile, hata vibaya, hata kwa wasomaji 11, leo ningekuwa na neno lake.

Na vikaratasi vingine ni hivyo hivyo. "Kicheko cha mlinzi — husisha na mvua." Mlinzi gani? Mvua ipi? Nimevisoma vyote, kama 60 hivi, na vilivyobaki na uhai havifiki kumi. Hivyo vingine ni kama funguo za nyumba zilizobomolewa. Pesa usipoitumia inakungoja, au angalau inajaribu. Jambo la kuandika halimngoji mtu. Tena kuna kingine nilichokigundua nikiwa mzee hivi: wiki nilizotoa kizuri nilichokuwa nacho, wiki iliyofuata nilipata kingine bila kutafuta sana. Wiki nilizobania ndizo nilizokaa na habari za kiti hadi usiku wa manane.

Nadhani kosa langu lilikuwa kutojua ninabana nini. Uliwahi kuona picha za barua za zamani za Uingereza, zile zilizoandikwa misalaba? Kabla ya mwaka 1840, walipoleta gharama moja ndogo ya posta kwa nchi nzima, barua ilitozwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi mlipaji alikuwa yule anayeipokea. Kwa hiyo mtu akijaza ukurasa, hakuchukua wa pili. Aliugeuza ule ule ubavu, akaendelea kuandika juu ya maandishi yake mwenyewe, mistari ikikatana kama wavu. Kusoma ni mateso, lakini inasomeka ukizoea, jicho linafuata upande mmoja na kuusahau mwingine. Hao ndio wabahili ninaowavulia kofia. Walibana karatasi, maneno hawakuyabana hata kidogo. Mimi nilifanya kinyume chake: sanduku zima la karatasi, na maneno nimeyafungia.

Wewe nawe una lako, na ruhusa ya kukusema ninayo tangu tukiwa darasa moja. Unasema utaanza kuandika ukipata meza nzuri, chumba kisicho na kelele na kompyuta mpya. Hiyo siyo mipango, ni manunuzi. Nayajua kwa sababu nimeyapitia. Nina kalamu tatu za gharama nilizonunua kila nilipokuwa sitaki kuandika, na zote zimekauka wino bila kufika nusu. Una simu. Una dakika 20 unazokaa kwenye foleni ya gari asubuhi. Andika kuhusu mtu aliyeketi mbele yako, na umtoe siku hiyo hiyo. Kama ataingiza kitu kiatuni, niandikie haraka na uniambie ni mguu upi.

Jambo la mwisho, nilitaka kulificha lakini utakuwa umeshaligundua kwa kushika karatasi hizi. Unalikumbuka daftari ulilonipa siku ile tunaagana, lile la jalada la ngozi na utepe mwekundu? Miaka tisa. Nimehama nyumba mara tatu, na mara zote tatu nililibeba mkononi, ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu aliyebeba mayai. Nilikuwa nangoja nipate kitu kinachostahili. Jana usiku nimelitoa. Kingo za kurasa zimeshakuwa njano zenyewe, bila neno hata moja ndani, na kuna mdudu mdogo aliyenitangulia kulisoma kuanzia nyuma. Nimekaa nalo kidogo. Kisha nikachukua mkasi, ule ule wa dawa ya meno, nikazikata kurasa nne za mwanzo kufuata uzi.

Kwa hiyo unayoisoma ndiyo hiyo kazi kubwa iliyongojewa miaka tisa: habari za bomba na kiti. Lile doa la ukurasa wa tatu ni kalamu imevuja, usije ukadhani ni machozi. Karatasi yenyewe ni nzuri kweli, hainywi wino, kumbe ulichagua vizuri.

Nyuma ya kurasa zote nne nimeacha wazi. Usinunue karatasi. Nijibu hapo hapo, kisha unirudishie.

Wako yule yule,
mkono wa birika