Barua kwa mwanangu: ubao wa kaunta

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Mwanza, wewe, mkeo na wajukuu wangu. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa goti la mama yako ambalo huamka na mvua na kulala na jua.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini nilinyamaza uliposema kwamba wamefanya vyema kuliondoa "lile banda la walevi". Sikutaka kukujibu kwa hasira, na wala sikulaumu, maana utotoni ulipita pale mbio kwa amri ya mama yako na hukuona ndani. Alama nyekundu ya X ilipigwa ukutani, baadaye likaja tingatinga, na kufikia adhuhuri palikuwa pamebaki mabati na vifusi. Hayo uliyasikia.

Usichokijua ni watu. Baa ile haikuwa na jina lililoandikwa popote. Tuliiita Kwa Mama, kwa sababu ya mwenyewe, Mungu amrehemu. Chini ya feni iliyozunguka polepole kama ngamia wa kinu walikaa wapenzi wa Coastal Union, na sisi wa African Sports tulikaa karibu na mlango. Coastal ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1988, tulihamia barazani kwa hiari yetu, tukanywea huko siku mbili, hadi wenyewe walipotuletea kreti nzima na kutuomba turudi ndani, kwani walikuwa wamekosa wa kumtambia.

Palikuwa na mnyapara mstaafu wa shamba la mkonge aliyeamini kwamba kamba za nailoni ndizo zilizouua mji huu. Karani mmoja wa bandarini alimjibu kila Jumamosi kwamba mkonge ulianza kuumwa pale mashamba yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Nadhani kila mmoja alishika kipande cha ukweli, ila mjadala haukuisha, kwa kuwa ilikubaliwa kwamba atakayeshindwa ndiye atakayenunua. Hata bia ilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Mama akawa anatoa chupa moja kwa watu wawili, ubishi ule uliendelea kwa tembo la mnazi. (Mama yako akisoma hapa, mwambie nilionja tu.)

Sasa nikueleze la ubao. Mama hakupenda daftari la mkopo. Alisema daftari huliwa na mchwa na mdaiwa huliiba. Deni lako alilikata kwa kisu chini ya ubao wa kaunta, kila mtu na sehemu yake, na ukilipa alikata mstari wa kuuvuka ule wa kwanza. Usiku mama yako alipopelekwa hospitali ya Bombo kukuzaa, mshahara wangu ulikuwa umechelewa. Nilikwenda Kwa Mama nikiwa sijui hata naanza vipi. Alifungua kopo la mauzo, akahesabu noti bila kuniuliza kitu, akainama na kukata mikato mitatu. Yule mnyapara akavua kofia yake na kuizungusha meza zote mbili, na waliotoa zaidi walikuwa Coastal.

Mwezi uliofuata nilipeleka fedha kamili. Mama alizipokea, akazihesabu, akaziweka kwenye kopo, lakini kisu hakukishika. Nilipomkumbusha alisema mikato ile si yangu, ni ya mtoto, na atakuja kuifuta mwenyewe akikua.

Siku ya tingatinga nilimwomba dereva anipe nafasi nitoe ubao. Alizima mashine, akanisaidia kuubeba. Uko uani chini ya mwembe, nimeufunika kwa turubai, na mikato mitatu ile bado iko wazi, upande wa kushoto. Ukija Desemba tutatafuta seremala atutengenezee meza. Mwambie upande wa chini asiupige randa.

Akupendaye,
Baba yako