Stelingi ya guta inapogonga na kunasa: tatizo liko kwenye koni

Guta (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu) lenye mzigo likishuka mlima Bugarika jijini Mwanza, dereva akashika breki na kusikia kitu kinagonga chini ya usukani, mara nyingi huanza kulaumu shokapu. Dalili ya pili humchanganya zaidi: kwenye barabara iliyonyooka usukani unanasa katikati, na guta linapepesuka kushoto na kulia kwa sababu kila anaposahihisha anapitiliza. Dalili zote mbili kwa kawaida hutoka mahali pamoja, kwenye koni za stelingi (pete za chuma zinazozunguka juu ya gololi) ndani ya shingo ya fremu, yaani bomba la mbele ambamo usukani huzungukia.

Shingo hiyo ina vikombe viwili, cha juu na cha chini. Kati ya kila kikombe na koni yake kuna gololi. Gololi hugusa kikombe kwa nukta ndogo sana, na kwa kuwa muda mwingi usukani umenyooka, kila shimo la barabarani linapiga nukta zilezile. Taratibu chuma kinabonyea na gololi zinapata mahali pa kutumbukia. Ndiyo maana usukani unanasa katikati, ila ukikata kona unalainika. Kikombe cha chini hufa kwanza, maana ndicho kinachobeba uzito na kinachorushiwa tope na tairi.

Guta huumia kuliko pikipiki kwa sababu nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Pikipiki huegemea kwenye kona. Guta haliegemei, kwa hiyo nguvu ya mzigo husukuma gurudumu la mbele kwa ubavu, na shokapu hugeuka wenzo wa kupinda shingo. Ongeza hapo tabia ya kuingiza gurudumu majini pale Mwaloni, soko la samaki la Mwanza, ili kupakia kutoka kwenye mtumbwi, kisha kuoshwa kwa pampu ya presha. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, lakini presha huyapitisha kwenye kizuia vumbi, grisi inatoka, na kutu inamalizia kazi. Mwambie muoshaji asielekeze mpira wa maji shingoni.

Kupima ni rahisi. Shusha mzigo, weka jeki chini ya fremu mpaka gurudumu la mbele lielee. Shika shokapu kwa chini, vuta na usukume mbele na nyuma, huku mwenzako ameweka kidole pale shingo inapokutana na kichwa cha chini cha shokapu. Akihisi mchezo, yaani kucheza kwa ulegevu, koni zimelegea au zimekufa. Kisha geuza usukani polepole kwa kidole kimoja, usikilize kama kuna mahali unasita. Lakini usifungue kabla ya kuyumbisha tairi lenyewe kwa ubavu: beringi mbovu ya gurudumu hutoa mchezo unaofanana sana na huu.

Kukaza nati peke yake hakuponyi kikombe kilichobonyea. Mlio unapotea, unasaji unazidi, na stelingi ngumu kwenye guta lililojaa ni hatari kuliko stelingi inayogonga. Kubadilisha gololi tu na kuacha vikombe vya zamani ni kutupa pesa, kwani gololi mpya zitaingia kwenye mabonyeo yaleyale. Sisi mafundi tunabadilisha seti nzima, juu na chini.

Vikombe vya zamani tunavigonga kwa tindo kutoka ndani, kwa zamu pande zote ili visiharibu shingo. Kipya kinaingizwa kwa kutumia cha zamani kama kigongeo, kikiwa sawasawa. Kikifika chini mlio wa nyundo hubadilika, unakuwa mzito. Grisi ya lithiamu namba 2 ijae kati ya gololi zote, na ya zamani iwe imefutwa kabisa, si kuchanganywa. Nati ya chini tunaikaza mpaka koni zikae, tunageuza usukani mara kadhaa kutoka mwisho hadi mwisho, tunailegeza kidogo, kisha tunaikaza mpaka mchezo uishe tu. Kipimo cha mwisho: gurudumu likielea, usukani usukumwe kidogo kutoka katikati na uanguke wenyewe upande wowote. Tunapima tena baada ya kukaza nati ya juu, kwa sababu huongeza mkazo.

Kwa guta linalobeba matofali, saruji au samaki kila siku, tunashauri kuhamia beringi za roli zilizochongoka, yaani vyuma virefu vya mviringo vyenye ncha moja nyembamba, badala ya gololi. Roli hugusa kwa mstari badala ya nukta, kwa hiyo kishindo kinasambaa. Sharti ni vipimo: kipenyo cha ndani cha shingo, kipenyo cha mhimili unaopita ndani ya shingo na kimo cha seti. Seti ndefu kupita kiasi huiacha nati ya juu ikishika nyuzi chache, na hiyo hatufungi.

Kama kikombe kinaingia shingoni kwa mkono, shingo imepanuka. Kuipiga alama za tindo ili kibane hakudumu. Inahitaji kukerezewa bushi, yaani pete ya chuma ya kujaza nafasi hiyo. Mhimili uliopinda hatuunyooshi kwa moto, tunabadilisha.

Ukikabidhiwa guta, liwashe likiwa nyutro na ugeuze usukani hadi mwisho kila upande. Injini ikipandisha mlio, kebo ya mafuta imevutika na lazima ipangwe upya kabla hujaondoka. Rudi baada ya wiki moja ya kazi tukaze tena, kwa kuwa vikombe vipya hukaa kidogo vinapoanza kubeba mzigo.