Wauzaji wa kompyuta watuachie tulisikilize kasha kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwaeleze wasomaji wenzangu, hasa wa huku pwani, jambo lililonigharimu fedha na miezi kadhaa ya kazi: namna ya kuchagua kasha la kompyuta ya mezani lisilopiga kelele, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu. Nasema kasha kwa makusudi, kwa sababu mitaani kwetu chombo chote kile kinachokaa pembeni ya skrini huitwa sipiyu, na kwa jina hilo mnunuzi huuliza habari za prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na ukubwa wa diski, lakini bati lililovifunika vyote hivyo halimshughulishi hata kidogo, mpaka usiku atakapoiwasha kompyuta hiyo nyumbani kwake.

Ninaishi Chumbageni, hapa jijini Tanga, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisoma vitabu vya kiada kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Kazi hiyo naifanyia chumbani, usiku, pikipiki zikishapungua barabarani, maikrofoni ikiwa mezani na kompyuta ikiwa chini ya meza hiyo hiyo. Kompyuta yangu ya zamani ilipochoka, nilijikusanya nikanunua nyingine katika duka moja la hapa mjini, na muuzaji akanishauri nichukue kasha lenye kioo mbele na ubavuni, lenye feni 3 zinazowaka taa za rangi. Lilikuwa zuri, sikatai. Lakini rekodi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa na mvumo kama wa mashine ya kusaga iliyoko mtaa wa pili, na kila nilipofika mwisho wa aya nikanyamaza, mvumo ule ndio uliobaki ukisikika. Mwanafunzi mmoja aliyeisikiliza aliniuliza kwa adabu kama nilikuwa nasomea karibu na jenereta.

Nikaanza kutafuta chanzo. Usiku mmoja niliweka kiganja ubavuni mwa kasha, ule upande wa bati, nikabonyeza kidogo; mvumo mzito ukakatika. Nikaondoa mkono, ukarudi. Diski niliyoihamisha kutoka kwenye kompyuta ya zamani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, nayo ilikuwa imekazwa kwa skrubu moja kwa moja kwenye bati jembamba, ikilitikisa kama ngozi ya ngoma. Diski ya kisasa, hii inayoitwa esiesidi, haina tatizo hilo kwa kuwa ndani yake hakuna kinachozunguka, ila mwenye rekodi za miaka mingi bado anazihitaji zile za zamani, kwa sababu ndizo zinazotoa nafasi kubwa kwa bei ndogo. Nilichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, na katika mji wa baiskeli kama huu tyubu kuukuu haikosekani, nikakata vipande vidogo, nikavitoboa tundu za skrubu, nikavipachika kati ya diski na kishikizo chake, kisha nikakaza kwa wastani tu. Mvumo mzito ukaisha. Ukabaki mwingine, mwembamba, wa upepo.

Huo wa upepo ndio hasa ulionifanya niandike barua hii. Wengi wetu hudhani kuwa kasha lililozibwa ndilo lenye utulivu, kwa vile mlango ukifungwa kelele za nje hupungua. Kompyuta haiko hivyo, kwa kuwa humo ndani mna joto ambalo lazima litoke. Kasha langu lilizibwa mbele kwa kioo kizima, na hewa ilipenya kwenye mwanya usiozidi upana wa kidole. Feni zilizokosa hewa zikashindwa kulitoa joto, prosesa ikapata moto, madabodi, yaani bodi kuu inayounganisha sehemu zote za kompyuta, ikaiamuru feni ya prosesa iongeze kasi, na kasi ya feni ndiyo kelele yenyewe. Nilipokiondoa kioo kile kwa majaribio, baada ya dakika kama 10 feni ya prosesa ilipungua kasi yenyewe, mpaka nikaanza kuisikia saa ya ukutani ambayo kwa wiki nyingi sikuwa nimeisikia. (Kioo cha ubavuni sikilaumu, ni kizito, hakitikisiki, na hakizibi njia ya hewa.)

Hapa inafaa tutazame hesabu kidogo. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi wa feni, feni ile ile ikipunguzwa kasi kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takribani desibeli 15 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza na yenye kasi ile ile, kelele hupanda kwa desibeli 3 tu. Na sikio la binadamu huichukulia tofauti ya desibeli 10 kama kelele iliyokuwa maradufu. Ndiyo maana feni 2 zinazozunguka taratibu huwa tulivu kuliko moja inayokimbia, na feni pana ya milimita 120 au 140 husukuma hewa ile ile bila kuhangaika kama ile ya milimita 80 iliyozoeleka kwenye makasha ya kale. Mnunuzi aangalie pia waya wa feni unaishia wapi. Feni yenye plagi ya pini 4, au hata 3, ikichomekwa kwenye madabodi, kasi yake inaweza kupunguzwa kwa kupanga mipangilio ya kompyuta, lakini iliyounganishwa moja kwa moja na pawasaplai, yaani kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kasha, kwa kawaida hukimbia kwa volti 12 saa zote, kompyuta iwe na kazi au isiwe nayo. Feni zangu 3 za rangi zilikuwa za namna hiyo, wala hakuna aliyenieleza.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Hakuna feni inayoweza kukipoza kifaa kikawa baridi kuliko hewa ya chumba kilichomo. Mtu wa Ulaya ambaye chumba chake kina nyuzi 20 anaanza na nafasi ambayo sisi hatuna, kwa kuwa wakati wa kaskazi chumba cha bati hapa Tanga hufika nyuzi 32 na zaidi, na usiku nafuu yake ni ndogo. Kwa sababu hiyo makasha yaliyotandikwa sponji ndani, ambayo husifiwa sana kwa utulivu wake, siyapendekezi kwa mtu asiye na kiyoyozi. Sponji hiyo ina kazi yake, kwani hupunguza milio myembamba, lakini makasha hayo mara nyingi hufungwa mbele na huuzwa ghali, na kwa tofauti hiyo ya bei mtu angeweza kununua kasha la kawaida lenye wavu mbele na kuongeza feni moja nzuri ya milimita 120.

Wavu huo lazima uwe na kichujio cha vumbi kinachochomoka bila bisibisi. Changu hukichomoa kila baada ya miezi 2, na kila mara hukikuta kimevaa utando wa kijivu kama manyoya ya paka. Hukiosha kwa maji, hukianika kivulini mpaka kikauke kabisa, ndipo hukirudisha. Kikisahaulika, hewa huziba na kelele hurudi ile ile. Kwa upande wa chumvi ya bahari, mnunuzi apitishe kidole kwenye kingo za bati kwa uangalifu: palipokatwa bila kupakwa rangi ndipo kutu huanzia, na kingo kali za namna hiyo ni ishara kwamba hata bati lenyewe ni jembamba. Bati la milimita 0.8 hutulia kuliko la 0.5, na asiye na kipimo anaweza kubonyeza ubavu kwa dole gumba aone kama unabonyea na kutoa mlio.

Kasha ninalolitumia sasa nililipata Ngamiani, rafu ya chini kabisa, boksi lake likiwa na vumbi la muda mrefu kwa sababu halina taa hata moja. Ni jeusi, lina wavu mbele, feni 2 za milimita 120, na bei yake haikufika nusu ya bei ya lile la kioo. Nililipima kwanza lisije likakataa madabodi yangu, ambayo ni ya aina ya Micro-ATX, milimita 244 kwa 244. ATX kamili ni 305 kwa 244, na kasha la ATX kwa kawaida huipokea na hiyo ndogo. Mpangilio huu wa ATX, yaani vipimo vya pamoja vya madabodi na makasha, ulitolewa na Intel mwaka 1995 na bado unatumika, kwa hiyo kasha zuri lililonunuliwa leo linaweza kubadilishiwa madabodi mara 2 au 3 bila lenyewe kutupwa. Anayefikiria kompyuta za mtumba za ofisini, zile nyembamba, ajue kuwa kwa kazi nyepesi nyingi zake ni tulivu kweli, lakini mara nyingi pawasaplai na madabodi yake ni ya umbo lake lenyewe, na ikiharibika si rahisi kuchomeka ya kawaida.

Ombi langu kwa wenye maduka, hapa Tanga na kwingineko, ni dogo. Andikeni kwenye kibandiko cha bei upana wa feni na aina ya plagi yake. Mruhusuni mteja afungue ubavu, na mkiwa na kompyuta iliyokwisha kuunganishwa kwenye kasha hilo, iwasheni, zimeni pangaboi na redio ya duka kwa dakika 5, ainamishe sikio. Na mnapoagiza mzigo, changanyeni na hayo meusi ya wavu yasiyo na taa, kwa sababu wateja wake tupo: wanaorekodi mawaidha na matangazo, wenye kuchapa kazi za watu usiku wakati watoto wamelala, na walimu wanaofundisha kwa intaneti kutoka sebuleni.

Vitabu 2 nilivyokuwa nimevirekodi kwa kasha la kwanza nimeanza kuvisoma upya tangu ukurasa wa kwanza. Cha Jiografia nimekimaliza wiki iliyopita, na cha Historia nimefika sura ya nne.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga