Asparagasi za uani zisifike msitu wa Pugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie wapenda bustani wenzangu wa Dar es Salaam jambo nililoliona uani kwangu, Pugu Kajiungeni.

Miaka mitatu iliyopita jirani yangu alinipa miche sita ya asparagasi, ile mboga ya machipukizi marefu ya kijani ambayo wengi wetu tunaijua kwa kuiona hotelini. Aliiotesha kutokana na pakiti ya mbegu aliyoletewa na mwanawe kutoka nje. Nikaipanda kando ya ukuta, nikaitilia samadi. Machipukizi yake usipoyakata hurefuka na kutawanyika yakawa kichaka chepesi, laini kama mvinje mchanga. Nyumbani kwangu wakawa wanayachuma kupambia maua.

Mwaka wa pili, mitatu kati ya ile sita ikazaa vitunda vya mviringo, vidogo kama pilipili manga mbichi, vikageuka vyekundu vya kung'aa. Nilifurahi. Ndege aina ya shore nao walifurahi, maana walikuwa wakitua asubuhi na kuvimaliza. Baada ya masika yaliyofuata nikaona chini ya waya wa kuanikia nguo, mahali ambapo sijawahi kupanda kitu, vimche vinne vyembamba kama uzi. Nikachimba kimoja kwa kisu. Juu hakikuzidi kiganja, lakini chini kilikuwa na fungu la mizizi minene, myeupe, imejikita kweli. Kingine nikakiona ukingoni mwa korongo nyuma ya nyumba. Ng'ambo ya korongo hilo ndiko vinakoanzia vilima vya msitu wa Pugu.

Nilipomweleza jirani akaniuliza, "Mzee mwenzangu, mboga nayo inakuwa gugu?"

Inakuwa. Asparagasi ya bustani asili yake ni Ulaya, Afrika Kaskazini na magharibi mwa Asia. Ilipopelekwa Marekani, Australia na New Zealand ilitoka mashambani, na leo inaota yenyewe kando ya reli, mifereji na nyua, kwa sababu ndege hula tunda na kuangusha mbegu popote wanapotua. Shina lake huishi miaka 15 na zaidi, na ukilikata juu linachipua tena. Ina ndugu anayetisha zaidi: mtambaa mmoja wa jamii hiyohiyo, uliotoka kusini mwa Afrika, ulipelekwa Australia kama pambo la bustani. Ndege wakausambaza, ukafunika mimea ya asili, na mwaka 1999 serikali ya huko iliuweka kwenye orodha ya magugu hatari ya kitaifa. Mmea wa kwetu, usio na kosa kwetu, umekuwa balaa kwa watu wengine.

Na sisi tumeshayaona ya namna hii. Mti wa musizi, wa magharibi ya nchi yetu, ulipandwa na wataalamu wa misitu huko Amani, Usambara Mashariki. Ndege aina ya hondohondo wakalipenda tunda lake, na mti ukajipenyeza ndani ya msitu wa asili. Kunguru wetu wa mjini waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 wasafishe taka. Nani leo Dar es Salaam anaweza kuwarudisha walikotoka?

Najua joto letu si rafiki wa asparagasi. Mmea huu hutaka mapumziko ya baridi au ya kiangazi, na huenda pwani usifike mbali. Lakini msitu wa Pugu na Kazimzumbwi si pa kujaribia. Humo kuna mimea iliyopewa jina la Pugu lenyewe, kama Millettia puguensis, na msitu wenyewe umeshakatwa mkaa na kumegwa viwanja kiasi cha kutosha.

Ninachoomba si kupiga marufuku mboga. Asparagasi ina dume na jike, na jike ndiyo huzaa tunda. Ziko mbegu chotara za madume matupu, na wakulima wa nje huzipenda kwa sababu dume hutoa machipukizi mengi zaidi. Basi wanaouza miche kandokando ya barabara zetu wamwambie mnunuzi anachobeba, na mwenye jike akate matawi kabla tunda halijawa jekundu. Mwenye watoto asisubiri hata hapo, kwa sababu tunda hilo likiliwa huumiza tumbo. Masalia ya bustani yasimwagwe korongoni. Nayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iutazame mmea huu sasa, wakati bado uko kwenye nyua chache, na iwafafanulie wananchi kwa Kiswahili chepesi utaratibu wa kuingiza mbegu, kwa kuwa wanaoletewa pakiti na ndugu zao hawajui kama kuna ruhusa ya kuomba.

Mimi nimeng'oa majike yangu yote matatu pamoja na mizizi, nimebakiza madume. Jirani ana majike mawili, amekubali kuyakata matawi kila yanapotoa tunda. Kile kimche cha ukingoni mwa korongo bado sijakifikia, udongo unateleza. Mvua ikikatika nitashuka na jembe.

Mstaafu na mpenda bustani,
Pugu Kajiungeni, Dar es Salaam