Tuandikieni muda wa waogeleaji wetu, nafasi pekee haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni ili nizungumzie namna magazeti yetu, hili likiwamo, yanavyoripoti mbio fupi za kuogelea kwa mtindo huru kila Mtanzania anaposhiriki mashindano ya kimataifa. Habari huwa fupi na hufanana mwaka hadi mwaka: mwogeleaji wetu ametupwa nje katika hatua ya mchujo, ameshika nafasi ya sitini au ya sabini na kitu, na kesho yake hatajwi tena. Kijana huyo hurudi nyumbani akiwa amebandikwa jina la kushindwa, hata pale alipoogelea kwa kasi ambayo hakuwahi kuifikia maishani mwake. Ombi langu ni moja: kila mnapoandika habari hizi, chapisheni muda alioutumia, na pembeni yake muda wake bora wa kabla ya siku hiyo.

Nafasi katika mchujo wa mita 50 mtindo huru kwa wanaume ni kipimo kinachopotosha mno. Katika mashindano ya dunia washiriki wa mbio hii aghalabu hupita mia moja, kwa kuwa hata nchi isiyo na mwogeleaji aliyefikia viwango huruhusiwa kupeleka wachache. Kati yao 16 tu huingia nusu fainali, na wanane huingia fainali. Makundi ya mchujo hupangwa kwa kufuata muda wa kujiandikishia, yaani muda bora wa mwogeleaji uliowasilishwa kabla ya mashindano, wenye kasi ndogo wakitangulia, hivyo mtu anaweza kuwa wa kwanza katika kundi lake akawa wa sabini kwa jumla, na mwingine akaburura mkia katika kundi la baadaye ilhali ameogelea vizuri kuliko yule. Msomaji atazijuaje tofauti hizi iwapo anachopewa ni nafasi peke yake?

Tena watu hutenganishwa na vipande vya muda ambavyo jicho haliwezi kuviona. Mwaka 2025 huko Singapore, Cameron McEvoy wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 50 kwa sekunde 21.14, Ben Proud wa Uingereza akawa wa pili kwa 21.26, na Jack Alexy wa Marekani wa tatu kwa 21.46, yaani kutoka dhahabu hadi shaba haikutimia hata theluthi moja ya sekunde. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Anthony Ervin wa Marekani, akiwa na umri wa miaka 35, alimpita Florent Manaudou wa Ufaransa kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde, 21.40 kwa 21.41. Ervin huyohuyo, miaka 16 kabla, aligawana dhahabu ya Sydney na mwenzake Gary Hall kwa kuwa saa iliwaandikia wote wawili 21.98. Mchezo wa namna hii huwezi kuueleza kwa kuhesabu vichwa vilivyotangulia.

Muda una faida nyingine ambayo nafasi haina: unaweza kuupasua vipande na kuona kijana alipotea wapi. Kanuni humtaka mwogeleaji wa mtindo huru atoe kichwa juu ya maji kabla ya kuvuka mita 15, na wanaume wa daraja la juu huifikia alama hiyo kwa sekunde tano na ushei. Hiyo ni robo ya muda wa mbio nzima, na imekwisha kabla mikono haijaanza kazi yake sawasawa. Kasi anayoingia nayo majini baada ya kuruka ni kubwa kuliko yoyote atakayoweza kuizalisha baadaye kwa mikono na miguu yake, na kazi yake chini ya maji ni kuitunza isimponyoke upesi, mwili ukiwa umenyooka na miguu yote miwili ikipiga pamoja mateke ya pomboo. Ndiyo maana nchi zilizoendelea katika mchezo huu hutumia miezi mizima kufundisha kuruka tu.

Niruhusu nieleze kinachotokea kwetu. Mimi ni mzazi ninayejitolea kushika saa katika mashindano ya vijana hapa Dar es Salaam, kazi ambayo hufanywa na watu watatu kwa kila njia panapokosekana mitambo ya kielektroniki, ili saa zikitofautiana uchukuliwe muda wa katikati. Mshika saa husimama ukingoni kabisa, kwa hiyo huona miguu kabla ya kuona kingine. Katika bwawa lisilo na vibao vya kurukia, vidole vya miguu hutafuta pa kushika kwenye vigae vilivyolowa, na nimeshuhudia kijana mwenye mapaja ya mwanariadha akiteleza kwa mguu mmoja, akaingia majini kwa ubavu, na mbio yake ikaishia hapohapo. Palipo na maji ya kina kifupi upande wa kuanzia, kocha huwaasa watoto wasizame, wakate maji juujuu, na kocha anafanya vema kwa sababu shingo ya mtoto ni muhimu kuliko medali. Lakini mtoto aliyeruka hivyo tangu akiwa na miaka minane hawezi kubadilika ndani ya wiki moja ya mashindano ya dunia, anapopandishwa kwenye kibao kilichoinuka zaidi ya nusu mita juu ya maji, chenye bamba la mteremko la kukanyagia mguu wa nyuma, na chini yake maji asiyoweza kusimama. Anachopoteza hapo hakirudi katika mita 35 zilizobaki.

Haya yote hayaonekani katika neno "ametolewa". Yangeonekana iwapo gazeti lingeandika kwamba kijana ameshusha muda wake kwa kiasi fulani, au kwamba amechelewa kuliko muda wake bora kwa kiasi fulani, kwa kuwa swali la pili la msomaji lingekuwa ni kwa nini.

Wapo watakaojibu, kama inavyojibiwa kila tunaporudi mikono mitupu, kwamba mpaka lipatikane bwawa la umma la mita 50 hakuna la kufanya. Sipuuzi hoja hiyo. Mabwawa ninayoyafahamu ambako vijana wetu hufanyia mazoezi, mengi yakiwa ya shule za kulipia na ya hoteli, ni ya mita 25, na anayeogelea humo hupata ukuta wa kujisukumia katikati ya mbio, msaada ambao hatauona katika bwawa refu. Wenzetu wa Nairobi wana bwawa la mita 50 pale Kasarani tangu miaka ya 1980, nasi hatuna sababu ya kuendelea kusubiri. Hata hivyo, sikubali kwamba bwawa refu ndilo la kwanza katika orodha ya mahitaji ya mbio fupi. Huyo McEvoy niliyemtaja aliacha kuogelea kwa muda baada ya michezo ya Tokyo, na aliporejea aliachana na desturi ya kumaliza kilomita nyingi majini kila wiki; akaegemea mazoezi ya nguvu nchi kavu na vipande vifupi vinavyoogelewa kwa kasi kamili. Kwa utaratibu huo alitwaa ubingwa wa dunia mjini Fukuoka mwaka 2023 kwa sekunde 21.06, dhahabu ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 30, kisha ubingwa wa Singapore. Kipande cha mita 15 au 20 hakidai bwawa la mita 50. Kinadai kibao imara, kina cha kutosha na saa, vitu ambavyo shule moja au klabu moja inaweza kuvipata bila kusubiri bajeti ya taifa.

Waafrika tuna ushahidi wetu wa madhara ya kuripoti nafasi na vituko bila kufuatilia muda. Katika mita 100 mtindo huru za Sydney mwaka 2000, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea peke yake baada ya wapinzani wake wawili kuondolewa kwa kuanza kabla ya mlio, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Alikuwa amejifunzia katika bwawa dogo la hoteli mjini Malabo, na bwawa la mita 50 aliliona kwa mara ya kwanza hukohuko Sydney. Dunia nzima ilizipata picha zake, ikamcheka na kumshangilia kwa wakati mmoja. Wangapi waliandika kwamba kijana yule aliendelea na mazoezi mpaka mita zilezile akaziogelea chini ya dakika moja, na kwamba baadaye alikuja kuwa kocha wa timu ya taifa lake? Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa ya Moussambani, na nasikitika kwamba wengi hawakuipata.

Wala mbio hizi si mali ya mataifa makubwa peke yao. Afrika Kusini ilitwaa dhahabu ya kupokezana mita 100 mara nne mjini Athens mwaka 2004, tena kwa rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 13.17. Desemba 2024 mjini Budapest, mtu wa kwanza duniani kuogelea mita 50 mtindo huru chini ya sekunde 20 katika bwawa la mita 25, kwa muda wa 19.90, alikuwa Jordan Crooks wa Visiwa vya Cayman, ambavyo wakazi wake hawafiki laki moja. Ni kweli kwamba Crooks alinolewa katika chuo kikuu nchini Marekani, lakini kijana hapokelewi na vyuo vile kwa kusifiwa na kocha wake; hupokelewa kwa muda ulioandikwa na kuthibitishwa.

Tanzania nayo ina mlolongo wake. Hilal Hemed Hilal aliogelea mita 50 mtindo huru Rio mwaka 2016, Collins Saliboko akaogelea mita 100 Paris mwaka 2024, na kwa wanawake tumekuwa na Magdalena Moshi na Sophia Latiff. Msomaji anayetaka kujua mita 50 za vijana wa leo zimepungua kwa kiasi gani tangu siku za Rio hawezi kupata jibu katika kurasa za michezo, na mfadhili anayefikiria kununua vibao vya kurukia naye hana cha kusoma isipokuwa kwamba tulikuwa wa sabini.

Kwa hiyo nashauri kwamba katika habari ijayo mwandishi wenu aweke namba tatu: muda wa mwogeleaji wetu, muda wake bora wa awali, na muda wa mtu wa 16, ambaye ndiye wa mwisho kuingia nusu fainali. Aeleze pia kama muda bora ulipatikana katika bwawa la mita 25 au la mita 50, kwa sababu hizo mbili hazilinganishwi. Matokeo ya mchujo hutangazwa na Shirikisho la Kimataifa la mchezo huu kwenye intaneti siku hiyohiyo, na muda bora wa kila kijana unaweza kuulizwa kwa kocha wake au kwa Chama cha Kuogelea Tanzania kwa simu moja, bila mwandishi kutoka nje ya Dar es Salaam.

Wako katika michezo,

Mzazi na mshika saa wa kujitolea,
Mikocheni, Dar es Salaam